Siku nzima na mke wangu kwenye bustani ya wanyama wa baharini, na ugomvi wetu mbele ya pomboo (uzi mrefu)

KasaMzee (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Tangu uchumba mke wangu alikuwa na ombi moja: amwone pomboo kwa macho yake, si kwenye televisheni. Kila mwaka nilikuwa napiga chenga. Sababu yangu ni kwamba moyo wangu hautulii nikimwona mnyama wa bahari ndani ya tangi. Yeye naye alikuwa na sababu yake, ila sikuwahi kumuuliza, na hilo ndilo lililoniponza.

Mwezi uliopita nikasema basi, twende. Nimeamua kuyaleta hapa yote, matamu na machungu, kwa kuwa nimesoma nyuzi nyingi za watu wanaouliza wampeleke wapi mwenza wao na majibu yanaishia kwenye picha. Jina la bustani silitaji, na naomba msinibane kwa hilo. Sitaki uzi ugeuke wa kuisema bustani ile.

Tulifika lango likiwa bado limefungwa, na nawashauri mfanye hivyo. Asubuhi watunzaji wanalisha na kusafisha, watu wachache, ukiuliza swali unajibiwa kwa nafasi. Mchana haiwezekani.

Langoni tukapewa ramani yenye saa za maonyesho. Mke wangu akatoa kalamu akaanza kuzungushia duara: simba wa bahari, ndege, pomboo, pomboo tena. Nilipohesabu niliona tutashinda tunakimbia, tukae dakika 20 hapa, tukimbilie viti kule, jioni turudi tumeona migongo ya watu. Tukasimama pale pembeni ya lango tukipishana maneno kidogo, halafu tukakubaliana: kila mmoja achague kitu kimoja ambacho mwenzake hatakikataa, na muda uliobaki tutembee tu, tusimame panapotupendeza. Yeye akachagua onyesho la pomboo. Mimi nikasema changu nitakitaja baadaye.

Tukaanzia kwa simba wa bahari. Watu wengi pale walikuwa wanawaita sili, lakini hao ni wanyama wawili. Simba wa bahari ana visikio vinavyoonekana nje, na akiwa nchi kavu anaweza kukunja mapezi ya nyuma chini ya mwili akatembea. Sili hana sikio la nje, ana tundu tu, na nchi kavu anajiburura kwa tumbo. Hata majini hawafanani: simba wa bahari anapiga makasia kwa mapezi ya mbele, sili anajisukuma kwa ya nyuma. Ukishajua hilo huwezi kuwachanganya tena.

Nakuja na sehemu ya pili, mtandao unasumbua.

MamaMapacha

Tiririka mkuu, tumeshakaa kitako. Ila hapo kwenye "lililoniponza" naona shemeji yetu alikasirika.

Jicho la Kando

Nasubiri ya pomboo. Mimi nilienda mara moja na mchumba wangu, hadi leo tunaikumbuka siku ile.

KasaMzee

Nimerudi.

Mtunzaji wa simba wa bahari alikuwa dada mmoja mwenye ndoo ya samaki, filimbi shingoni na fimbo yenye mpira kwenye ncha. Hakukuwa na muziki wala mtangazaji, tulikuwa watu kama 10 tu kwenye uzio. Anaonyesha mpira, simba wa bahari anaugusa kwa pua, filimbi inalia, samaki anafuata. Akatueleza kuwa filimbi si ya kuita. Ni ya kumwambia mnyama "hapo hapo, umepatia", kwa sababu samaki hawezi kumfikia kwa haraka kama sauti. Basi kwa kulifuata lile filimbi, yule mnyama wa kilo nyingi vile akafumbua kinywa akakaguliwa meno, akalaza pezi likapapaswa, akageuza jicho likaangaliwa. Hakuna kamba wala mtu wa kumshika.

Mke wangu akauliza, "Na akikataa?"

Dada akasema akikataa anaachwa, na chakula chake cha siku anakipata vilevile. Anayekataa kula ndiye anayewatia wasiwasi, kwa kuwa mara nyingi hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa.

Halafu tukaona kitu ambacho mimi sikukijua. Alikuwa anachomeka kidonge kwenye shavu la samaki kabla ya kumrusha. Samaki wakishagandishwa wanapoteza sehemu ya vitamini, hasa B1, na mnyama anayekula samaki wa barafu kila siku bila nyongeza anaweza kupata madhara ya mishipa ya fahamu. Kuna lingine pia: wanyama hawa hawanywi maji kama sisi, maji yao mengi yanatoka ndani ya samaki, na samaki aliyeganda akayeyuka ameshavuja. Ndiyo maana baadhi yao hupewa vipande vya barafu au jelatini. Nilimtazama yule dada na ndoo yake nikaona kazi kubwa nyuma ya kila samaki mmoja. Bahari inaifanya kazi hiyo bila mtu kujua.

Pengwini tuliwapita haraka, kulikuwa na baridi na msongamano. Farasi wa baharini tulisimama kidogo, mke wangu alipendezwa kusoma kuwa dume ndiye anayebeba mimba.

Kisha nikataja changu: bwawa la taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, lile la kugusa kwa mkono.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi. Nikiwa mdogo nilimwona amerudishwa na mguu uliochomwa na taa, mtu mzima analia kwa maumivu. Tangu siku hiyo taa kwangu alikuwa adui. Nilitaka nimguse nikiwa na mke wangu, basi.

Utaratibu wao ni huu. Unaosha mikono kwanza kwa maji matupu, usiwe na mafuta wala losheni. Unakunja vidole ubaki na viwili, unanyoosha mkono juu ya maji, unasubiri apite mwenyewe. Unamgusa mgongoni tu, si mkiani, humshiki wala humkwaruzi. Ile miiba yao hukatwa ncha kama kucha, haiwaumi, nayo huota tena, kwa hiyo hukatwa kila baada ya muda.

Akapita mmoja mkubwa. Mgongo wake ni utelezi mtupu, kama kitambaa kilicholowa ute wa yai. Mtunzaji akasema ute huo ndio ngao yake dhidi ya vijidudu, na ndiyo sababu hatakiwi kusuguliwa. Nyuma ya macho ana matundu mawili yanayofunguka na kufunga: hapo anavuta maji ya kupumua wakati kinywa chake kilichoko chini kimefunikwa na mchanga. Mke wangu alinishika kiwiko muda wote. Hakusema kitu, na nilimshukuru kwa kutosema.

MvuviMstaafu

Umenigusa kijana wangu. Mimi nimechomwa mara mbili. Niwaachie vijana elimu hii, maana taa wa baharini hajakatwa ncha.

Taa hakufuati. Amejifukia mchangani amelala, wewe ndiye unayemkanyaga, naye anapiga mkia. Kwa hiyo ukitembea kwenye maji mafupi yenye mchanga usinyanyue mguu ukaukita chini. Buruta nyayo. Atasikia mtikisiko, ataondoka mwenyewe. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kaa nao humo nusu saa na zaidi. Moto unavunja nguvu ya sumu na maumivu yanapungua. Halafu nenda hospitali hata kama umepata nafuu, kipande cha mwiba hubaki ndani. Na kama umechomwa kifuani au tumboni usichomoe mwiba kabisa, kimbizwa hospitali nao.

MamaMapacha

Mzee shikamoo, na ahsante sana. Hili nalihifadhi.

KasaMzee

Mzee wangu MvuviMstaafu, shikamoo. Mjomba alitiwa maji ya moto kweli, nilikuwa sijui sababu yake.

Sasa pomboo. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mke wangu alitaka safu za mbele, zile ambazo mtu analowa. Tukakaa nusu saa kabla. Muziki ukaanza, mtangazaji akapaza sauti, pomboo 4 wakatoka chini kwa pamoja wakaruka juu ya vichwa vya wakufunzi. Jamani, ni kitu kizuri kukiona. Sitadanganya. Mwili mzito vile unapaa juu kuliko mlango wa nyumba, unakunjika, unaingia majini kwa kichwa bila kishindo. Watu walipiga kelele. Nikamgeukia mke wangu nikamkuta machozi yanamtoka.

Nami wakati huo nilikuwa naangalia bwawa. Nilikuwa nahesabu: kutoka ukingo huu hadi ule, pomboo mmoja alitumia pumzi chache tu akageuka, akageuka tena. Nikasema, na nilisema kwa sauti: "Unalia kwa furaha, na yule pale hana pa kwenda."

Hakunijibu. Alifuta uso. Onyesho likaendelea hadi mwisho, wala hakupiga makofi tena.

Nje tukakaa kwenye benchi. Akaniambia, "Miaka yote hii nimekuomba kitu kimoja." Nikaanza kumweleza habari za bahari na tangi, kana kwamba hajui. Akaniambia, "Sijakuuliza hayo." Tukanyamaza kwa muda mrefu sana, mpaka umati wa onyesho lililofuata ukaanza kuingia.

Nimekosea wapi, wakuu? Na je, nilikosea kabisa?

Jicho la Kando

Ulikosea. Siku ya mwenzako usiimwagie maji. Halafu mbona wale pomboo wanaonekana wana furaha? Wanacheka muda wote.

BintiKaskazi

@Jicho la Kando, hicho si kicheko. Ni umbo la taya. Pomboo akiwa na njaa ana sura hiyo, akiumwa ana sura hiyo, hata akifa anabaki nayo. Uso wake haubadiliki kama wetu, kwa hiyo hauwezi kukuambia yuko katika hali gani. Nimesoma mambo ya viumbe wa bahari chuoni, na hili ndilo la kwanza tulilofundishwa kuliacha mlangoni.

Niongeze. Pomboo anaona kwa sauti. Anatoa milio mifupi mifupi, inagonga kitu na kurudi, naye anajua umbali wake, umbo lake, hata samaki aliyejificha chini ya mchanga. Kila pomboo pia ana mluzi wake mwenyewe anaoutunga akiwa mdogo, na wenzake huuiga wanapomwita, kama sisi tunavyoitana majina. Hata usingizi wake ni wa nusu: upande mmoja wa ubongo unalala, mwingine unaamka, ili akumbuke kupanda juu kuvuta hewa. Baharini anaweza kuogelea makumi ya kilomita kwa siku. Kwa hiyo mleta uzi, jicho lako halikukosea. Ulimi ndio uliowahi.

Nahodha wa Pili

Nimefanya kazi kwenye meli miaka mingi, nina upande wa pili wa shilingi hii, naomba nisikilizwe.

Watu wanasahau tulikotoka. Yule anayeitwa nyangumi muuaji, oka kwa jina jingine, naye ni wa ukoo wa pomboo, ndiye mkubwa kuliko wote. Zamani wavuvi walimpiga risasi wakimwona, na hakuna aliyewauliza. Mwaka 1964 akwaria (jumba la kuonyeshea viumbe wa majini) ya Vancouver huko Kanada ilituma watu wakamuue oka mmoja ili wachonge sanamu ya ukubwa wake. Wakamchoma kwa chusa, hakufa. Wakamkokota hadi bandarini, akaishi karibu miezi 3, na watu waliokuja kumtazama walikuta mnyama mpole, si zimwi waliloambiwa. Hapo ndipo fikra za wengi zilipoanza kugeuka. Bila watu kumwona kwa karibu, nani angemtetea?

BintiKaskazi

Kaka, hilo nalikubali. Lakini malizia. Baada ya yule wa 1964 wenzake walianza kutegewa nyavu, watoto wakatenganishwa na mama zao, wakauzwa kwenye mabwawa ya dunia. Oka mmoja aitwaye Tilikum alikamatwa karibu na Iceland mwaka 1983 akiwa mdogo, akaishi kwenye mabwawa mpaka alipokufa Januari 2017, na watu 3 walipoteza maisha katika matukio yaliyomhusisha. Oka jike baharini anaweza kuzidi miaka 80. Kumwona kwa karibu kulitufundisha, sawa. Somo tumeshalipata.

Ndiyo maana mambo yanabadilika. SeaWorld, kampuni ya Marekani yenye bustani za maonyesho ya wanyama wa baharini, ilitangaza mwaka 2016 kuwa haitazalisha oka tena. Kanada ilipitisha sheria mwaka 2019 dhidi ya kufuga nyangumi na pomboo kwa burudani, waliokuwepo wakaruhusiwa kubaki. Ufaransa nayo ilipitisha sheria mwaka 2021 ya kumaliza maonyesho yao.

Jicho la Kando

Basi si wawafungulie tu waende zao? Tatizo liishe.

Nahodha wa Pili

Ndugu yangu, si rahisi hivyo. Kuna oka aliyeitwa Keiko. Alikamatwa Iceland mwaka 1979 akiwa mtoto, akaja kuwa maarufu kwa sababu ya filamu ya mwaka 1993, na watu wakachanga fedha arudishwe kwao. Mwaka 1996 alihamishiwa Oregon, Marekani, akatibiwa ngozi na kuongezwa uzito. Mwaka 1998 akapelekwa Iceland kwa ndege. Alifundishwa upya kuwinda, akatolewa kwenda bahari kuu. Mwaka 2002 akaogelea hadi Norway, na alipofika akawafuata watu, watoto wakampanda mgongoni. Alikufa Desemba 2003. Wenzake hawakumpokea awe wao, na yeye aliwajua zaidi binadamu.

Kuna wanaosema ilishindikana, wengine wanasema angalau alikufa akiwa kwenye maji ya bahari. Mimi kila nikiikumbuka habari hii moyo unakuwa mzito. Mnyama aliyezaliwa bwawani hajawahi hata kuwinda. Ukimfungulia lango umemfungulia njaa.

MamaMapacha

Nimesoma nikilia. Watoto wangu wananiomba niwapeleke, sasa sijui.

KasaMzee

Ahsanteni. BintiKaskazi, hilo la ulimi limenikaa.

Nimalizie siku yenyewe.

Kutoka kwenye benchi tulitaka kurudi nyumbani. Njia ya kutokea inapita nyuma, kwenye sehemu ambayo kwenye ramani ilikuwa na alama ndogo tu. Hakuna viti, hakuna kibao kikubwa. Ni matangi ya duara, kama ya kufugia samaki, yenye wanyama waliookotwa wakiwa na majeraha.

Kwenye tangi la pili alikuwepo kasa. Alikuwa anaogelea vizuri, lakini mgongoni, upande wa nyuma, alikuwa amebandikiwa vitu kama matofali madogo. Mke wangu akasimama. Ndiyo maneno ya kwanza aliyonisemesha baada ya saa nzima: "Kwa nini wamembebesha mizigo?"

Tukamsubiri mtunzaji. Alikuwa kijana mpole, hana haraka. Akasema kasa yule aligongwa na boti. Gamba likapona, lakini hewa ikabaki imenaswa ndani upande wa nyuma, makalio yakawa yanaelea juu na kichwa chini. Kasa wa namna hiyo hawezi kuzamia kutafuta chakula, na akibaki juu ya maji anaungua jua na kugongwa tena. Ile mizigo ni ya kumsawazisha. Anapokua wanampimia upya na kumbandika mingine.

Mke wangu akauliza, "Atarudi baharini?"

"Huyu hapana. Yule wa tangi la mwisho, akimaliza dawa, ndiyo."

Tulikaa pale karibu saa nzima. Sijui niwaelezeje. Yule kasa alikuwa anashuka chini polepole, anagusa sakafu ya tangi, anapanda kuvuta hewa, kichwa kinatoka, tunasikia ile pumzi. Anashuka tena. Kijana akatueleza kuwa wengine wanaletwa matumbo yamejaa plastiki, kwa kuwa mfuko unaoelea majini unafanana na konyeza, yule kiumbe laini anayewasha, ambaye kasa wanampenda. Akatueleza pia kuwa kasa hazaliwi dume au jike kwa damu kama sisi: ni joto la mchanga linaloamua. Mchanga wa moto zaidi hutoa majike, wa baridi zaidi hutoa madume. Fukwe zikizidi joto, vizazi vinakuwa majike kwa wingi mno.

Nilimwuliza kila mnyama wa pale alifikaje, naye alikuwa na jibu kwa kila mmoja: huyu boti, huyu nyavu, huyu aliachwa na mama. Nikajiuliza kwa nini sikuuliza swali hilo kuanzia asubuhi. Wale simba wa bahari walifikaje? Wale pomboo 4? Ningeuliza nikiwa na utulivu, badala ya kumrushia mke wangu sentensi ile akiwa na machozi.

Tulitoka tumeshikana mikono. Hatukuzungumzia pomboo njiani. Mpaka leo hatujazungumza sawasawa, na kwa kweli ndiyo sababu nyingine ya uzi huu.

BintiBaharia

Habari zenu wote. Nimejiunga leo. Mimi ndiye shemeji mnayemzungumzia. Mume wangu alinionyesha uzi mwenyewe akaniambia soma, kama kuna nilipokusingizia sema. Hakunisingizia. Ila kuna asichokijua, na nimeona nikiandika itakuwa rahisi kuliko kusema.

Marehemu baba yangu alikuwa baharia. Alikuwa anaondoka miezi na miezi. Akirudi alikuwa na hadithi moja niliyomwomba airudie kila mara: pomboo waliokuwa wanakuja mbele ya meli asubuhi, wanateleza kwenye wimbi la omo, yaani ncha ya mbele ya chombo, na mmoja wao mwenye pezi lililokatika ncha alikuwa akigeuka ubavu anamtazama. Alisema, "Siku moja nitakupeleka umwone, naye akuone." Alifariki kabla.

Siku ile pale bwawani, baada ya ule mruko mkubwa, pomboo mmoja alipita karibu na kioo mbele yangu akageuka ubavu. Jicho moja. Aliniangalia. Hapo ndipo nilipolia. Mume wangu alidhani ni kwa sababu ya mruko.

Mume wangu, na mimi niliona kuwa bwawa ni dogo. Mimi si mtoto. Niliona anavyogeuka, nikaona na yule mmoja aliyekuwa na mikwaruzo ya meno ubavuni. Nilijua nitayafikiria usiku, na kweli niliyafikiria. Nilichoomba ni dakika 20 za kuwa na baba yangu, basi. Hukuuliza, nami sikusema. Tumekosea wote wawili.

Na kwa yule kasa, ahsante kwa kunisubiri pale bila kuangalia saa.

MamaMapacha

Dada yangu, pole sana kwa baba. Mungu amrehemu.

MvuviMstaafu

Binti, pole. Na nikuthibitishie, baba yako hakutunga. Pomboo wanakuja kweli kwenye omo. Wimbi linalosukumwa na chombo linawabeba, hawapigi hata mkia.

KasaMzee

Mke wangu, nimesoma nikiwa kazini ikabidi nitoke nje.

Nakuuliza sasa, mbele ya watu hawa wote, kwa kuwa sikukuuliza miaka yote ile: unataka twende tukawaone baharini?

BintiBaharia

Nataka.

Nahodha, BintiKaskazi, mnaojua: tufanyeje tusiwasumbue? Nimesikia boti nyingine zinawafukuza.

Nahodha wa Pili

Kabla ya kulipa, muulize mwenye boti maswali mawili: anawakaribiaje, na anakaa nao muda gani. Asiyewasumbua anakuja kwa ubavu, anakwenda sambamba nao kwa mwendo mdogo usiobadilikabadilika, anaacha mita 50 au zaidi. Hawakati njia kwa mbele, hapiti katikati ya kundi, hatenganishi mama na mtoto. Wakitaka watakuja wenyewe kwenye omo. Wasipotaka, mnaondoka. Anayekuahidi kuwa lazima utaogelea nao, mwache. Mara nyingi huyo ndiye anayewarusha watu majini juu ya vichwa vya pomboo waliolala.

BintiKaskazi

Na beba kamera yenye lenzi ndefu kidogo. Pezi la mgongoni lina ukingo wa nyuma wenye vipengo na makovu, na kila pomboo ana vyake. Watafiti huwatambua hivyo, wanapiga picha za mapezi na kuzilinganisha mwaka hadi mwaka. Majike wengine huishi zaidi ya miaka 40, kwa hiyo pezi moja linaweza kuonekana na vizazi viwili vya watu. Yule wa baba yako mwenye ncha iliyokatika, mtu yeyote aliyemwona angemkumbuka.

BintiBaharia

Baba alisema ilikatika upande wa juu, kama ukurasa uliokunjwa pembe. Nitaleta kamera.